Joseph von Fraunhofer, Yatima Aliyeichunguza Nuru

Joseph Fraunhofer alizaliwa tarehe 6 Machi, 1787, katika mji wa Straubing, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa vioo. Alipopata umri wa miaka 11 wazazi wake wote wawili walikuwa wamekwisha kufa, akapelekwa Munich kuwa mwanagenzi wa fundi mmoja wa vioo. Mapatano yalikuwa afanye kazi miaka 6 bila mshahara. Naye bwana wake hakupenda kumwona akisoma vitabu, wala akienda shule ya Jumapili.

Tarehe 21 Julai, 1801, nyumba ya fundi huyo iliporomoka, na Joseph akafukiwa na kifusi. Watu walifukua kwa saa nyingi, wakamtoa akiwa hai. Mtawala wa Bavaria, Maximilian Joseph, alifika mwenyewe mahali pale, akamhurumia, akampa sarafu 18 za dhahabu. Kijana mwingine angalinunua nguo nzuri. Yeye alinunua mashine ya kukatia vioo, tena akajikomboa katika uanagenzi wake. Bwana mmoja mwenye mali, Utzschneider, akampa vitabu, na mwaka 1806 akamwajiri katika kiwanda chake.

Mwaka 1814 Fraunhofer aliichunguza nuru ya jua iliyopita katika mche wa kioo, akaona mamia ya mistari myeusi kati ya rangi zake. Mistari hiyo inaitwa kwa jina lake hata leo. Mwaka 1817 akaona jambo jingine, dogo machoni pa watu: kioo kilicholiwa na tindikali, ambacho fundi mwingine angalikitupa, kilirudisha nuru kidogo kuliko kioo kisafi.

Wasomaji wapenzi, jambo hilo latuhusu sisi wa Kibaoni. Paneli nyingi za umeme wa jua tunazoziona juu ya mapaa hutengenezwa kwa silikoni. Silikoni tupu iliyong'arishwa hurudisha zaidi ya asilimia 30 ya nuru inayoiangukia, na nuru iliyorudi haileti umeme. Kwa hiyo hupakwa utando mwembamba sana, na utando huo ndio unaozipa nyingi rangi ya buluu. Wataalamu pia huchonga juu ya silikoni vinundu vidogo kuliko wimbi la nuru, mfano wa vile vilivyo katika macho ya nondo. Mtumbwi ukipita katika mto Kilombero, wimbi lake likigonga ukingo uliosimama wima hurudi. Likikuta mchanga wenye mteremko hupanda taratibu, lisirudi. Vinundu hivyo ndivyo mteremko wa nuru.

Fraunhofer alikufa kwa kifua kikuu tarehe 7 Juni, 1826, akiwa na umri wa miaka 39. Leo shirika kubwa la utafiti nchini Ujerumani lina jina lake, na taasisi yake moja, mjini Freiburg, huchunguza umeme wa jua.

Yeye alinyimwa hata nafasi ya kusoma. Basi sisi tuliopewa walimu, vitabu na taa, tuna udhuru gani?