Jamaa aliyekupa FM

Ukiwa kwa matatu na redio inatoa sauti safi bila mikwaruzo, mkumbuke Edwin Armstrong wa Marekani. Zamani mitambo ya valvu ilibeba sauti kwa kupandisha na kushusha nguvu ya wimbi. Radi ikipiga, unasikia kelele tupu. Yeye akaiacha nguvu ilivyo, akachezesha masafa. Hiyo ndiyo FM, na hataza akapewa 1933. Kampuni kadhaa zikaitumia bila kumlipa. Kesi zikammalizia pesa, mkewe akahama, na 1954 akajitoa uhai. Lakini Marion, mjane wake, hakukubali yaishe hivyo. Alipambana kortini hadi 1967, akashinda. Wewe una wazo? Lisajili mapema, halafu usipigane peke yako.