Mwana wa Mshona Viatu na Hesabu za Dukani

Muuza duka wa Kiandutu, pale Thika, abonyezapo kalkuleta kujumlisha bei ya unga na mafuta, hutumia urithi wa mwana wa mshona viatu. Huyo ni George Boole, aliyezaliwa Lincoln, Uingereza, mwaka wa 1815.

Babaye alipenda elimu kuliko biashara, nayo biashara ikamfia. Boole akawa mwalimu akiwa na umri wa miaka 16 ili kuwalisha wazazi na nduguze. Chuo kikuu hakukisomea. Vitabu ndivyo vilivyokuwa walimu wake. Hata hivyo, mwaka wa 1849 aliteuliwa kuwa profesa wa hisabati mjini Cork, Ireland, bila shahada.

Mwaka wa 1854 alichapisha kitabu kuhusu sheria za fikira. Maneno madogo ambayo sisi wanaisimu huyachambua kila siku, “na”, “au” na “si”, yeye aliyageuza kuwa hesabu yenye thamani mbili tu, 0 na 1. Alifariki mwaka wa 1864, baada ya kunyeshewa njiani na kufundisha akiwa na nguo mbichi. Mwaka wa 1937, Claude Shannon wa Marekani alionyesha kuwa swichi za umeme zaweza kuzitii sheria hizo.

Sasa tuitazame kalkuleta. Nyingi huandika kila tarakimu kwa biti nne: 7 ni 0111, 6 ni 0110. Jumla yake, 1101, si tarakimu yoyote, kwani biti nne zina maumbo 16 nasi twahitaji 10 tu. Kwa hiyo saketi huongeza 6 ili kuyaruka maumbo yaliyozidi: hubaki 3, na 1 hupelekwa kwenye makumi. Ni kumi na tatu, kama Kiswahili kitamkavyo. Saketi hujuaje kwamba 9 imepitwa? Huuliza kama pana 1 iliyofurika, au kama biti ya 8 na ya 4 zote zimewaka, au ya 8 na ya 2. Swali zima limejengwa kwa “na” na “au” za Boole.

Babaye Boole alitunza maktaba ya chama cha mafundi cha Lincoln. Je, mwana wa fundi viatu wa Kiandutu asome wapi jioni? Chumba cha vitabu mtaani si anasa. Viongozi wa Kiambu na walikumbuke hilo wagawapo fedha za umma.