Frederick Banting, Daktari Aliyekosa Wagonjwa

Mdogo wangu ana umri wa miaka 14, na kila siku kabla ya kula hudungwa sindano ya insulini. Lau angeugua kabla ya mwaka wa 1922, tungekuwa tumeshamzika. Ndipo nikataka kumjua mtu aliyetuokolea ndugu.

Frederick Grant Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba 1891 katika shamba karibu na Alliston, nchini Kanada. Alisomea udaktari Toronto, akaenda vitani, akajeruhiwa mkono mwaka wa 1918. Aliporudi alifungua zahanati mjini London. Si ile ya Uingereza, la, ni London ya huko huko Kanada. Wagonjwa hawakuja! Mwezi wa kwanza alipata dola 4 tu. Ikabidi afundishe chuoni ili apate riziki, na akiandaa somo la kongosho mnamo Oktoba 1920, wazo likamjia saa nane za usiku.

Hapa nieleze kidogo. Tukila ugali, wanga wake hugeuka sukari na kuingia katika damu. Kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo, hutoa insulini. Hiyo ndiyo huwezesha misuli kuipokea sukari, na kulizuia ini lisimwage nyingine. Insulini ikikosekana, sukari hujaa damuni ilhali mwili una njaa. Figo huitoa pamoja na maji mengi, ndiyo maana mdogo wangu alikuwa akikojoa kila saa na kiu haiishi. Mwili nao huanza kuchoma mafuta yake, asidi zikazidi, mtu akakonda, akazimia, akafa. Tiba ya zamani ilikuwa kuwanyima watoto chakula! Walibaki mifupa mitupu, wakingoja siku yao.

Banting alidhani kwamba majimaji ya kongosho yanayosaga chakula ndiyo huiharibu insulini tunapojaribu kuitoa. Basi akataka kuzifunga njia za majimaji hayo katika mbwa. Profesa Macleod wa Toronto alisitasita, lakini Mei 1921 akampa chumba, mbwa na mwanafunzi mmoja, Charles Best. Mbwa wengi walikufa (kusema kweli niliwahurumia), ila waliodungwa dawa sukari yao ilishuka.

Tarehe 11 Januari 1922 akadungwa Leonard Thompson, kijana wa miaka 14. Wapi! Dawa ilikuwa na uchafu. James Collip akaisafisha, na tarehe 23 kijana akadungwa tena, sukari ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi.

Mwaka wa 1923 Banting na Macleod walipewa Tuzo ya Nobel. Banting alikasirika kuwa Best ameachwa, akamgawia nusu ya pesa zake. Haki ya kutengeneza insulini aliiachia chuo kikuu bila kutaka utajiri. Nami nikiona mama anavyohesabu pesa za chupa moja, hushangaa ilikuwaje.

Mnamo Februari 1941, akisafiri kwenda Uingereza, ndege yake ilianguka Newfoundland. Alikuwa na umri wa miaka 49.