Date Masamune, Mwenye Jina Kubwa

Neno la Kijapani daimyo hufasiriwa upesi kuwa sultani au mwami. Mimi siridhiki na tafsiri hiyo. Dai ni kubwa, myo ni jina. Lakini jina hilo ni la shamba, maana hapo kale mashamba yaliandikwa kwa jina la mwenyewe. Wakati wa utawala wa Tokugawa, daimyo alikuwa bwana ambaye ardhi yake ilikadiriwa kutoa mchele koku 10,000 au zaidi, koku moja ikiwa kama lita 180. Ukubwa ulipimwa kwa mchele! Ili nieleweke, nasimulia habari za Date Masamune.

Alizaliwa mwaka 1567 huko Yonezawa, kaskazini mwa Japani. Ndui ilimpofusha jicho la kulia angali mtoto. Mwaka 1584 baba yake, Terumune, alimwachia ukuu wa nyumba. Mwaka uliofuata adui alimteka mzee huyo, naye akafa katika purukushani ya kumfuatia. Masamune akapigana bila kupumzika, na mwaka 1589 akaishinda nyumba ya Ashina na kuitwaa Aizu.

Kidogo jina lake lifutike. Mwaka 1590 Toyotomi Hideyoshi, aliyekuwa akiunganisha nchi nzima, aliizingira ngome ya Odawara na kuwaita mabwana waje. Masamune alikawia. Inasimuliwa kwamba alipofika alivaa nguo nyeupe za maiti, kama mtu aliyejileta mwenyewe kuzikwa. Hideyoshi alimwachia uhai, akamnyang'anya Aizu. Kwangu mimi siku hiyo inaeleza cheo chake kuliko vita vyake vyote: ana majeshi, ana ngome, na bado jina lake limo mkononi mwa mwingine.

Baadaye alimfuata Tokugawa Ieyasu, akaanzisha mji wa Sendai, na himaya yake ikafikia koku 620,000 hivi. Mwaka 1613 alimtuma Hasekura Tsunenaga kwa merikebu, akafika Uhispania na Roma kutafuta biashara. Mjumbe alirudi mwaka 1620, akaukuta Ukristo umepigwa marufuku. Biashara haikupatikana.

Mwaka 1635 sheria iliwalazimisha daimyo kukaa Edo kwa zamu, mwaka huku na mwaka kwao, wake zao na warithi wakibaki Edo kama rehani. Masamune alifia huko huko Edo mwaka 1636. Mwanawe Tadamune akarithi, na nyumba ya Date ikatawala Sendai hadi mwaka 1871, serikali mpya ilipofuta himaya zote na kuzifanya mikoa.