Mwenye Heri Anuarite, Binti Aliyekuwa Mwalimu

Mbali upande wa kaskazini, kupita mipaka ya Maniema, iko nchi ya misitu iitwayo Wamba. Huko alizaliwa Nengapeta, tarehe 29 Desemba 1939. Baba yake aliitwa Amisi, na mama yake Isude. Mungu aliwajalia watoto sita, wote wa kike. Lakini Amisi alitaka mwana wa kiume, na kwa kuwa hakumpata, alimwacha Isude akaoa mke mwingine.

Mwaka 1943 Nengapeta alibatizwa, akapewa jina la Alphonsine. Alipopelekwa shuleni, sista aliyeandika majina alikosea, akamwandika kwa jina la dada yake, Anuarite. Jina hilo likamshika hata leo.

Masomo hayakuwa mepesi kwake. Wenzake wengine walishika upesi kuliko yeye; yeye alirudia, akasumbuka, asiache. Tena alitamani sana utawa, lakini mama yake hakutaka kutengana naye. Siku moja lori lilifika kuwachukua wasichana waliokwenda Bafwabaka, kwa Masista wa Jamaa Takatifu. Anuarite alipanda pamoja nao, pasipo mama kujua.

Huko Bafwabaka aliweka nadhiri zake tarehe 5 Agosti 1959, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Huko pia alisomea ualimu hata akapata cheti, akafundisha watoto katika shule ya msingi. Yule aliyesumbuka na masomo yake mwenyewe sasa aliwashika wengine mkono. Baada ya darasa hakuona haya kusaidia jikoni, wala kutayarisha vitu vya altare.

Mwaka 1964 vita vya Simba vilienea Kongo ya mashariki. Tarehe 29 Novemba waasi walifika Bafwabaka, wakawachukua masista kwa lori mpaka Isiro. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, Kanali Olombe alitaka kumtwaa Anuarite kwa nguvu. Anuarite alikataa kuvunja nadhiri yake. Olombe alimpiga vibaya, kisha akaamuru achomwe, na mwenyewe akampiga risasi. Anuarite, kabla ya kukata roho, alimsamehe muuaji wake. Alikuwa hajatimiza miaka 25.

Tarehe 15 Agosti 1985 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alifika Kinshasa, akamtangaza kuwa Mwenye Heri.

Basi, wakatekumeni wapendwa, tazameni. Mama aliachwa kwa kuwa alizaa mabinti watupu. Na leo jina la nyumba ile lajulikana katika Kanisa lote kwa ajili ya binti mmoja. Mzazi asimnyime binti yake shule kwa kuwa ni binti. Wala anayechelewa kuelewa somo, la darasani au la katekisimu, asitupe kitabu chake: huenda Mungu anamtayarisha awafundishe wengine.