David Livingstone: Muzungu aliyejua kuchagua lugha, kisha akakwama Nyangwe

Kila mara mgeni wa lugha ya Kiingereza anapofika kutumika hapa Kasongo ao kule Kabambare, ulizo lake la kwanza ni hili: nijifunze lugha gani? Kifaransa, juu njo lugha ya ofisi? Kiswahili, juu njo lugha ya soko na ya barabara? Ao Kibangubangu, Kizimba, Kikusu, lugha tulizonyonya kwa mama? Mbele ya kumjibu, tukumbuke mtu mmoja aliyepita katika njia zetu zaidi ya miaka 150 iliyopita. Jina lake wote tunalijua tangu masomo ya msingi: David Livingstone. Lakini habari yake na lugha haisimuliwi sana.

Alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tatu 1813 huko Blantyre, Uskoti, katika jamaa maskini. Akiwa na miaka 10 tu, alianza kutumika katika kiwanda cha nyuzi za pamba, tangu saa kumi na mbili za asubuhi mpaka saa mbili za usiku. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua buku la kujifunza Kilatini. Aliliweka juu ya mashini, akipita anasoma mstari mmoja, akirudi anasoma mwingine. Usiku alienda kwenye masomo ya jioni. Kilatini hakuna aliyekisema pale kijijini, lakini wakati ule njo kilikuwa lugha ya wasomi, naye alitaka kusoma.

Alipokuwa kijana, alisoma udaktari na kazi ya dini. Moyo wake ulikuwa China. Lakini mwaka 1839 vita ya kasumba ikawaka kati ya Uingereza na China, njia ikafungwa. Ndipo akakutana na Robert Moffat, mumisionere aliyekaa miaka mingi Kuruman, kusini mwa Afrika. Moffat alikuwa ametafsiri Agano Jipya katika Kitswana. Livingstone akageuza safari. Mwezi wa saba 1841 akafika Kuruman.

Hapo njo alifanya kitu ambacho wageni wengi hawafanyi. Pale Kuruman kulikuwa wazungu wenzake wa kuzungumza nao, na Kiingereza kingetosha kwa kula na kulala. Yeye akaona kwamba akibaki nao hatajua lugha. Akaenda kukaa miezi 6 hivi kwa Wakwena, mbali na wazungu wote. Alikula nao, akakosea maneno mbele yao, akasikia namna wanavyofikiri na wanavyoamua mambo yao. Aliporudi alikuwa anasema Kitswana. Kisha mwaka 1845 akaoa Mary, binti ya Moffat, aliyekomalia katika lugha hiyo hiyo.

Lugha hiyo moja ilimfungulia milango mingi. Mwaka 1851 alifika kwa Wamakololo karibu na mto Zambezi. Hao asili yao ilikuwa kusini, na lugha yao ilikuwa ndugu ya Kitswana. Kwa hiyo Livingstone alizungumza na mfalme wao uso kwa uso. Mwaka 1853 mfalme Sekeletu akampa watu 27, wakaenda pamoja mpaka Luanda, kwenye bahari ya Angola. Watu hawakubali kuongozana na mgeni katika pori kwa miezi mingi kama hawasikilizani naye.

Sasa tufike kwetu. Mwaka 1866 Livingstone alitoka Zanzibar kwa safari yake ya mwisho, akitafuta chemchemi za mto Nili. Katika safari hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya njia. Tarehe 21 mwezi wa tisa 1869 alifika Bambarre, njo Kabambare ya leo. Hakuwa kijana tena. Meno yalikuwa yanamtoka, na mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimlaza kule miezi mingi. Watu wake karibu wote walimkimbia, wakabaki watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Alisoma Biblia yake mara 4 tangu mwanzo mpaka mwisho. Karatasi zilipomwisha, aliandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa mbegu.

Mwezi wa tatu 1871 alifika Nyangwe, pembeni ya Lualaba, katika teritwari yetu ya Kasongo. Alitaka kitu kimoja tu: mitumbwi, ashuke mto aone unaenda wapi. Aliwaza ni Nili, kumbe ni Kongo. Alikaa pale miezi karibu 4. Mitumbwi hakuipata.

Juu ya nini? Sababu zilikuwa nyingi, na wafanyabiashara wa pembe na watumwa hawakutaka afike mbele yao. Lakini kuko sababu moja inayogusa lugha. Livingstone hakujua lugha za watu wa hapa, na hakuna buku lililokuwa linazifundisha. Maneno yake yalipita katika vinywa vya wengine. Watu waliotumwa toka pwani kumtumikia walichoka, walitaka kurudi. Wakawaambia wenyeji kwamba huyu muzungu hatafuti watumwa wala pembe, anatafuta mitumbwi apate kuvuka na kuua watu. Wenyeji wangejuaje kama ni uongo? Yeye mwenyewe hakuweza kusimama sokoni na kujitetea katika lugha yao.

Tuseme na jambo lingine, hata kama linauma. Kiswahili alichokuwa nacho, wakati ule hapa Maniema kilikuwa lugha ya watu wenye bunduki. Mgeni aliyefika pamoja nao, akisema sawa vile wao, watu wangemwona vipi tofauti na wao?

Tarehe 15 mwezi wa saba 1871 watu wa wafanyabiashara hao walifyatua risasi katika soko la Nyangwe, lililojaa wanawake waliokuja kuuza vitu vyao. Waliokufa walihesabiwa kati ya 330 na 400, wengi wakizama katika Lualaba. Livingstone aliona kwa macho yake. Siku chache kisha, aliacha Nyangwe akarudi Ujiji, moyo umevunjika. Habari aliyoandika ilifika Ulaya ikaamsha hasira, na mwezi wa sita 1873 Sultani wa Zanzibar akatia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa. Livingstone hakuona siku hiyo. Alikuwa amekufa mwezi wa tano mwaka huo huo, katika Zambia ya leo. Chuma na Susi walikuwa kati ya wale waliobeba mwili wake mpaka pwani.

Basi mgeni wa Kiingereza tumjibu nini? Kifaransa ajifunze, juu bila hicho hatasoma karatasi ya ofisi. Kiswahili pia, na kwanza hicho. Kiswahili cha leo si cha bunduki tena. Bibi zetu walikichukua, wakakibadilisha, wakatulelea nacho. Lakini kama anaenda kukaa kijijini, ajifunze hata salamu na maneno ya kila siku katika lugha ya pale. Tunaona mara kwa mara mikutano ambamo mzee anasema dakika tano, mtafsiri anatoa maneno matatu, na mgeni anaandika hayo matatu.

Na sisi pia, vijana wetu wanaokimbilia Kiingereza, ni vizuri, waendelee. Lakini wasikose kujua lugha ambayo bibi yao anaotea ndoto. Livingstone alivuka nusu ya Afrika kwa lugha moja aliyojifunza vizuri. Hapa kwetu, ambapo hakuijua lugha ya wenye mto, alikosa hata mtumbwi mmoja.