Harry Brearley na Chuma Kilichoishinda Asidi



Najua katika kurasa kama hizi mmezoea kusoma maisha ya akina Jabir bin Hayyan na Ibn Sina. Safari hii nimemchagua mtu asiyekuwa Muislamu, na tayari ndugu mmoja ameniuliza kwa nini. Jibu langu ni birika. Yale ya bati tunayotawadhia hushika kutu hadi yakatoboka, lakini la stenlesi linadumu miaka. Nasomea uhandisi, nikaona haya kulishika kila alfajiri bila kujua nani aliyelihangaikia.

Harry Brearley alizaliwa mwaka 1871 mjini Sheffield, Uingereza, mji wa wafua visu. Baba yake alikuwa myeyusha chuma, na nyumba yao ilikuwa ya dhiki. Aliacha shule akiwa na miaka 12. Maabara aliingia kama muosha chupa. Akasoma hesabu na kemia kwa juhudi yake baada ya kazi, na mwaka 1908 akawa mkuu wa maabara ya utafiti iliyogharimiwa na viwanda viwili vya chuma, Firth na Brown. Sisi tunaolalamikia mihadhara ya saa mbili asubuhi, tutulie hapo kidogo.

Mwaka 1912 aliletewa tatizo la mitutu ya bunduki iliyokuwa ikiliwa kwa ndani na joto na gesi ya baruti. Akajaribu kuongeza kromiamu katika chuma cha pua, na tarehe 13 Agosti 1913 akapata mchanganyiko wenye kromiamu asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Ili kuona chembe za chuma kwa hadubini, kipande hung'arishwa kisha hupakwa asidi ikile kidogo. Hiki asidi haikukiweza. Siki na maji ya limau navyo havikukigusa. Wapo wanaosimulia kwamba alikiona kiking'aa kwenye lundo la vyuma chakavu. Ni hadithi tamu, lakini mimi naona ya asidi inatosha. Mwingine angeandika kwamba jaribio limeshindikana. Yeye, mtoto wa Sheffield, aliwaza visu.

Siri iko juu ya uso wa chuma. Kutu ya kawaida ni unga wenye matundu: hubanduka, na maji na hewa hupita kwenda kula zaidi. Kromiamu nayo hushikana na oksijeni, ila oksaidi yake ni utando wa sehemu chache tu za milioni za milimita, ulioganda juu ya chuma kama ngozi. Ukiukwaruza, hewa ileile inayoharibu vyuma vingine huuziba upya. Kaboni ikiinyakua kromiamu utando hudhoofika, ndiyo maana visu vile vilihitaji kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo. Na chumvi ni adui yake: maji ya chumvi yakituama hutoboa vitundu. Msilaze mchuzi sufuriani.

Wafua visu wa kwanza walishindwa kukifanyia kazi chuma hicho, wakamcheka kuwa amevumbua visu visivyokata. Ernest Stuart, fundi wa kiwanda cha Mosley, alikijaribu kwa siki, akaamini, akavitengeneza. Waajiri wa Brearley, ambao mwanzoni hawakuona faida, baadaye waligombana naye juu ya nani mwenye haki ya ugunduzi. Mwaka 1915 akaondoka.

Insafu inanilazimu kuongeza jambo. Mfaransa Pierre Berthier aliona mwaka 1821 kwamba chuma chenye kromiamu huhimili asidi. Wajerumani Maurer na Strauss, wa kampuni ya Krupp, walikuwa na chuma chao mwaka 1912, na Marekani alikuwepo Elwood Haynes, ambaye hatimaye maslahi yake na ya Brearley yaliunganishwa katika kampuni moja. Sisi tunaokasirika majina ya wanazuoni wetu yanapoachwa katika historia ya sayansi, hatuna ruhusa ya kumpa Brearley peke yake kilicho cha wengi. Chake ni kuona kwamba chuma hicho ni cha mezani na jikoni, na kung'ang'ana mpaka kikafika huko.

Mwaka 1941 alitoa mali yake kuanzisha mfuko wa hisani, Freshgate, mfano wa waqfu kwetu, ili watu wa hali ya chini kama alivyokuwa yeye wapate elimu na safari. Alifariki mwaka 1948 huko Torquay, na mfuko ukaendelea kuwasaidia watu wa Sheffield.